Ndiyo Niliyomwambia Daktari

Jumatatu, 9 Machi 1953
Bado wodini. Mguu unanuka. Jiwe la mgodini Sekenke limeniweza kweli! Daktari wa Kizungu kafunua kidonda, kakunja uso — nikajua kabla hajasema. Kaonyesha kwa kiganja, hapa, chini ya goti. Kukata! Nikatazama chini. Ningefanyaje? Mtu mzima, ana mvi, nimkodolee macho? Naye akazidi kuinama kunitafuta uso, kama mtu aliyedondosha sindano.

Jumanne, 10 Machi
Vidole vya mguu bado vinasikia. Nimevifinya mwenyewe, vinasikia! Kwa mguu mmoja nitaenda wapi? Mgodini hawataki kiwete, na huwezi kushika jembe na mkongojo pamoja. Mke wangu Raheli kaja, kalia. Eti wakate tu, bora mume kilema kuliko kaburi. Nikamfokea mbele ya watu. Najuta.

Jumatano, 11 Machi
Leo tumeelewana! Daktari kaja peke yake, bila mkalimani. Kavuta kiti, kaketi. Akauliza kwa Kiswahili chake cha kuunga-unga: wewe hutaki kukatwa mguu? Nikajibu kwa adabu zote, ndiyo, daktari. Akatabasamu, akanipiga-piga bega. Kumbe ana utu! Nimemaliza ugali wote, na mlenda.

Alhamisi, 12 Machi
Sijapewa uji. Nimemwuliza nesi Selina, kashangaa. Kumbe daktari kawaambia nimekubali, nakatwa asubuhi hii! Nimekubali lini? Aliuliza hutaki, nikasema ndiyo — ndiyo, sitaki! Selina kajishika mdomo. Eti kwa Wazungu ndiyo ni nataka, uulizwe vyovyote. Basi nimwambie hapana? Lakini kwetu hapana kwa swali lile ndiko kukubali! Selina kasema niachane na ndiyo na hapana. Nimtazame usoni, niseme sitaki.

Sitaki! Kwa mtu wa rika la baba yangu! Nyumbani ningezabwa kofi. Nimelijaribu neno chini ya shuka. Linatoka.

Daktari kaja. Kaketi, kanisubiri, sina la kumlaumu. Nikainua macho, nikamtazama. Macho ya bluu, yamechoka. Mdomo ukafunguka —

Shikamoo, daktari.

Kafurahi! Marahaba, marahaba. Kanibana bega kwa nguvu, kama ndugu. Sasa yuko pale mlangoni, ananawa mikono.