Rafiki yangu aliyefariki hunijia ndotoni, mama anasema anataka jina

Shangazi Nthoki, pokea salamu zangu kutoka Kaloleni, na unisamehe barua hii ikizunguka kwa sababu mwenyewe nazunguka tangu Machi. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na tisa, mchezaji wa mpira wa vikapu, na hiyo ndiyo kazi yangu, maana kampuni iliniandika karani ili niichezee timu yake, kwa hivyo asubuhi napiga mihuri kwenye barua na kuanzia saa nane niko uwanjani, na kwa miaka saba sijaona kazi tamu kama hii.

Nilikuwa na rafiki, Nekesa, nahodha wetu. Yeye ndiye aliyegawa mpira na mimi ndiye niliyefunga, na tangu tukiwa wasichana wa shule tukicheza kwenye simiti iliyopasuka karibu na ukumbi wa mtaa tulikuwa tumeahidiana kwamba siku moja tutacheza nje ya nchi, yeye na mimi, nyumba moja, sufuria moja. Mwezi wa tatu akashikwa na nimonia, siku tisa tu, akatuacha. Alizikwa Bungoma siku ya Jumamosi, na Jumamosi hiyo tulikuwa na nusu fainali, kocha akasema nahodha angetaka tucheze, basi nikacheza, Shangazi, nikafunga pointi ishirini na sita, watu wakanibeba juu, na mpaka leo sijui nilikuwa na moyo wa aina gani.

Tangu hapo anakuja. Huja katika ule usingizi wa jioni, nikitoka mazoezi na kujilaza kidogo kabla ya chai. Naota uwanja wetu wa mtaani hauna mtu, mwanga ni wa manjano kama wa baada ya mvua, Nekesa amesimama katikati na jezi yake ya kijani, haongei, anatabasamu tu, kisha ananirushia mpira, ule wake wa chini unaodunda mara moja na kunifikia mkono wa kushoto, na mpira unakuja polepole sana, unaelea, mpaka naiona mishono yake, nafungua mikono, naamka. Huwa naamka na furaha, na furaha hiyo hukaa kifuani mpaka nikumbuke.

Ndoto ya tatu nilimweleza mama. Sisi ni Wajaluo, na mama amelelewa akijua kwamba marehemu akikujia hivyo anatafuta mtoto wa kubeba jina lake. Hakusita hata kidogo. Aliniambia, "Awuor, huyo anataka jina. Na mpira haubebi jina." Sasa mwezi huu klabu moja ya Kigali imenitumia mkataba wa misimu miwili, na mama anasema nikienda nitakuwa nimemkimbia marehemu, na anayemkimbia marehemu huandamwa, nitulie, niolewe na Frankline, nizae, mtoto aitwe Nekesa, ndipo niende, kana kwamba klabu itaningoja nikilea. Frankline tumechumbiana miaka minne na hajawahi kuamini ndoto yoyote, lakini hii ameiamini mara moja. Aliniambia, "Sikiza mathe wako, Awuor. Kigali haihami."

Jibu linatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Mara mbili nimeweka kalamu kwenye karatasi nikaiondoa. Nataka kwenda, nataka sana, lakini naogopa nikiwa huko Nekesa ataacha kuja, na nikibaki nitakuwa nimebaki kwa ajili ya nini, na siku nyingine naona heri nilale tu. Hata njia ya kutoka kazini nimebadilisha, napitia Jogoo Road, naacha ile ya mkato ya Mbotela ambako mama yake Nekesa anauza mandazi, kwa sababu sijui nimwambie nini. Niambie Nekesa anataka nini kwangu.

Awuor, Kaloleni

SHANGAZI NTHOKI ANAJIBU

Awuor, pole sana kwa kumpoteza Nekesa. Barua yako nimeisoma mara mbili na mara zote mbili nililainika, kwa hivyo usidhani ukali unaofuata ni wa mtu asiye na moyo.

Mila za kwenu sizichezei. Mimi ni Mkamba, nasi tuna zetu. Lakini hebu itazame ndoto yako kama ulivyoiandika mwenyewe. Kila akija, Nekesa amebeba nini? Hajaja na mtoto, wala leso ya kubebea mtoto. Amekuja na mpira, na anakupa wewe. Mama yako anasema anataka kitu. Mimi naona anatoa.

Mama yako si mbaya, anaogopa kuachwa, na mzazi akikosa maneno ya kusema hivyo huazima ya marehemu. Huyo Frankline naye ni mjanja. Mwulize kwa upole kama angeiamini ndoto hiyo iwapo mama angesema marehemu anataka uende. Kama anakupenda, mabasi ya Kigali yapo, apande.

Sasa wewe. Jambo zito kuliko yote umelitupa mwishoni, kwamba unapitia Jogoo Road. Hukumzika rafiki yako, Awuor. Kwa mechi sikulaumu, kocha aliamua na wewe ulikuwa kazini. Nakulaumu kwa miezi iliyofuata. Bungoma ni mbali, lakini Mbotela ni dakika kumi kwa miguu, na mama wa watu ameketi pale na karai lake akitazama rafiki za mwanawe wakipita njia nyingine.

Jumamosi hii nenda. Beba sukari, majani ya chai na unga, kama mtu anayekwenda matangani, maana ndiko unakokwenda, umechelewa tu. Mwambie ulicheza siku ile na pointi zilikuwa ngapi. Lia ukitaka. Kisha mweleze ndoto, na Kigali pia. Jina la Nekesa litabebwa lini na nani, mwenye kusema ni yeye aliyempa, si mama yako wala si mimi. Jina linaweza kungoja misimu miwili. Magoti yako hayawezi.

Unaogopa ataacha kuja. Huenda akaacha, na utaumia, lakini ndotoni hapakaliki.

Nikupe na langu. Binti yangu alipata kazi ya uuguzi nchi ya mbali, nami nikamwambia nimeota vibaya juu ya safari hiyo. Sikuwa nimeota kitu. Aliniamini, akaikataa kazi, na huu ni mwaka wa kumi na moja tunaishi naye nyumba moja. Ananitunza vizuri. Hajawahi kuniuliza niliota nini. Gazeti hili hulisoma kabla yangu, kwa hivyo leo atajua. Wewe nenda Mbotela, kisha utie sahihi.