Zelma, Jina Lako Halikai Juu ya Karai la Mafuta

Ni mwaka mmoja na siku nne sasa, Zelma, tangu uanguke ukiwa na unga mikononi. Hizo siku nne nitazieleza mbele. Kwanza watu wajue kwamba kumbukumbu hii ilikuwa iingie katika karatasi ya kanisa ya Jumapili, na wameikataa. Wamesema ni kali, na kumbukumbu ya marehemu inatakiwa iwe ya upole. Basi nimeibandika hapa kwenye dirisha la mkate wako. Wanaosubiri mkate wataisoma, hakuna anayewafukuza. Mimi niliacha shule darasa la tatu. Mwenye kucheka mwandiko acheke, lakini asome mpaka chini.

Wengine wanaandika kwamba marehemu wao alikuwa mpole. Mimi ndiye niliyekuzaa, na wewe hukuwa mpole hata kidogo. Ulinificha chumvi. Uliipandisha juu ya kabati ukijua siwezi kupanda kiti, na nilipokuuliza ukasema, "Mama, hata hapo bado presha yako iko juu kuliko kabati." Nilinuna wiki nzima. Samaki wa nazi bila chumvi ni maji ya kuoshea vyombo, nilikuambia hivyo na leo narudia. Ile chumvi niliiona tulipotoka kukuzika. Bado iko pale pale. Sijaruhusu mtu aishushe.

Ulikuwa mwoka mkate, na uliwakatalia watu mkate. Nani mwingine hapa Bluefields amewahi kufanya biashara ya namna hiyo? Mtu anataka mikate mitatu, unamtazama, unamwuliza, "Nyumbani mko wangapi?" Akisema yuko peke yake unampa nusu. Mume wako Lennard alikuwa anashika kichwa.

Walipomkata mguu shangazi yako Melba kwa ajili ya sukari, kanisa zima lilikwenda kumwombea. Wewe ulirudi umekunja uso. Ulikaa pale jikoni kwangu ukasema, "Tumeuombea mguu umeshakatwa, Mama. Kwa nini hatukuuombea ungali upo? Tena tukiuombea tunatembea nao?" Nilikuambia usimfundishe Mungu kazi. Ukasema hujamfundisha Mungu, unawafundisha wanawake.

Ukaniomba nikufungulie ukumbi wa kanisa uwafanyishe mazoezi. Ufunguo ninao mimi tangu baba yako alipoutengeneza ule mlango, ni mwaka wa thelathini na moja huu, na ni mimi ninayefagia. Nikafungua. Jumanne na Alhamisi, saa kumi jioni, mkate ukiwa umekwisha. Wanawake wanne, halafu tisa, halafu kumi na tisa. Kila siku ulianza kwa kusali, na sala yenyewe ilikuwa fupi: "Bwana, mwili huu, hekalu ulilotupa ukae humo na sisi, tumelijaza takataka. Leo tunafagia." Wanaitika amina, wanaanza kuinua magoti.

Dada Ruperta, yule jirani yetu mnene, alitaka umpime kwa mizani yako.

"Mizani ni ya unga, Dada. Wewe ni unga?"

"Kwa ukubwa huu mimi ni gunia."

"Haya, gunia, inua mikono."

Hukumpima mtu hata mmoja. Ulisema Mungu hajamwita mwanamke awe mwembamba, amemwita awe na nguvu za kupanda kilima kwenda kumuuguza mwenzake, na arudi hai. Na walipanda kweli. Mgonjwa yeyote wa mtaa wetu wa Old Bank mwaka ule aliona wanawake wakiingia mlangoni bila kuhema.

Sasa nifike kwenye ndoo, maana vita ilianzia kwenye ndoo. Nyimbo zetu za kanisani ni za polepole, wanawake walikuwa wanapiga miayo huku wameinua mguu mmoja. Ukachukua ndoo ya unga, ukaigeuza, ukapiga mdundo wa ngoma ya Mei, ile tunayozunguka mti nayo kila mwezi wa tano. Ukapandisha wimbo wa kanisa juu ya mdundo huo. Maneno yakawa ya Mungu, viuno vikawa vya Mei. Hakuna aliyepiga mwayo tena.

Baada ya miezi minne, Dada Ruperta alipiga magoti kanisani. Watu wamesahau jambo hili, nalikumbusha. Miaka sita alikuwa anasali amekaa kwa sababu akishuka chini haamki. Jumapili ile alishuka, akasali, akaamka mwenyewe bila kushika benchi. Alilia. Nami nililia. Dada Icilda, mwenyekiti wa akina mama, alikohoa.

Jumanne yake Dada Icilda akaja kusimama mlangoni mwa ukumbi, mkoba kifuani.

"Zelma! Viuno ndani ya nyumba ya Mungu?"

"Karibu, Dada. Vyako umeviacha nyumbani?"

"Ngoma ya Mei ni ya walevi."

"Walevi wanaicheza mara moja kwa mwaka, Dada, sisi mara mbili kwa wiki. Sasa nani ana sukari, wao au sisi?"

Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikucheka. Nilimtazama Dada Icilda usoni, nikajua umeshapata adui. Mtu anaweza kukusamehe ukimtukana, lakini si ukimfanya achekwe mbele za watu.

Wakaitisha baraza la wazee. Mzee Alban, mwenyekiti wa baraza, alisema ukumbi si mahali pa kutikisa mwili, mwili ni mavumbi. Tulikuwa watu kumi na wawili na mimi nilikuwamo. Aliuliza, "Kuna anayepinga?" Zelma, mkono wangu ulikaa mapajani. Watu wa hapa wananiita Mama Ethelda mwenye subira. Siku ile haikuwa subira, nilimwogopa Icilda. Nilitaka kuendelea kusalimiwa vizuri.

Alhamisi mlikuja wote kumi na tisa, mvua inanyesha. Ukasema, "Mama, fungua." Nikasema, "Baraza limekataa." Uligeuza ndoo ukapiga, mkacheza barabarani kwenye matope, sketi zimeshika miguuni, mkiimba. Mimi nilisimama chini ya paa nikiwa mkavu, ufunguo uko mfukoni mwa aproni. Miezi mitano mlicheza barabarani. Miezi mitano nilifagia ukumbi usiokanyagwa na mtu.

Halafu ukaanguka. Jumanne mchana, unakanda. Daktari alisema ni mshipa wa kichwani, ulizaliwa nao, kwamba hata ungekula majani matupu au mawe ungepasuka siku yake. Alisema pia moyo wako ulikuwa kama wa msichana. Nimeandika hilo kwa sababu kuna watu hawataki kulisikia. Kaburini, udongo haujashuka wote, Dada Icilda alimwambia mwenzake, na hakunong'ona: "Karukaruka kote kule, na katutangulia sisi tuliokaa. Hekalu gani hilo?"

Nakujibu leo, Icilda. Mwanangu hakuwahi kusema mwenye kuruka hafi. Alisema siku alizopewa hatazikaa kitini akisubiri ziishe. Miaka arobaini na saba aliyopewa aliitumia yote, mpaka mguuni. Wewe una sabini na moja na kutoka benchi mpaka mlangoni unashikwa mkono. Nani katumia, nani kaweka?

Lakini ulipokufa, mwanangu, barabara nayo ikanyamaza. Hapo lazima niseme kweli, maneno ya Icilda yaliwaingia wanawake. Wakasema kama Zelma amekufa, sisi tunajisumbua nini. Ndoo ikarudi kutiwa unga. Dada Ruperta akarudi kwenye kiti chake cha barazani, soda mkononi, na akawa anasali amekaa. Mwezi wa saba wamemkata kidole cha mguu. Kidole kikubwa, cha kulia. Nilipokwenda kumwona alisema, "Mama Ethelda, safari hii hakuna aliyenifukuza kitini." Daktari amemwambia akiendelea kukaa hivyo, mguu utafuata. Anakwenda alikokwenda Melba.

Na baraza, hao hao, ndipo walipokumbuka kwamba wanakupenda. Walikuja nyumbani, Mzee Alban na Dada Icilda, na nguo za Jumapili siku ya Jumatano. Wamenunua jiko kubwa la gesi lenye makarai mawili ya mafuta. Wanataka kuliweka ukumbini, pale pale mlipokuwa mnacheza, wakaange kuku na ndizi za kuuza kila Jumamosi kwa ajili ya paa la kanisa. Na kwa heshima yako wameliita Jiko la Zelma Omier. Kibao kimeshaandikwa. Mimi nikate utepe siku ya mwaka wako.

Niliuliza, "Karai la mafuta ndilo mmeona lifae jina lake?"

Dada Icilda akasema, "Si alikuwa mpishi?"

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania.

Niliwapa chai, isiyo na sukari, wakainywa. Wakaondoka wakiamini mwenye subira amekubali.

Siku moja kabla ya mwaka wako Mzee Alban alirudi nyumbani kwangu, jiko likiwa nje ya ukumbi juu ya mkokoteni na wanaume wanne.

"Mama Ethelda, ufunguo."

"Upo."

"Basi nipe."

"Nimesema upo, Mzee. Sijasema nakupa."

"Mama, wewe ni mtu wa subira, usituaibishe."

"Ndiyo. Kaa hapo kwenye ngazi na subira yako, mimi nakaa humu na yangu. Tutaona ya nani inaisha."

"Tutavunja mlango wa ukumbi."

"Vunjeni. Marehemu mume wangu aliupiga misumari mia na ishirini, mtakuwa mnavunja mpaka Krismasi. Tena vunjeni mchana, watu wa Old Bank wote waje kuwatazama."

Akasema baraza ndilo lenye ukumbi. Nikamwambia nami ni wa baraza, na lile swali lake la mwaka juzi, kama kuna anayepinga, nimelisikia vizuri sasa. Nikainua mkono. Nikauacha juu, Zelma, mpaka aliposhuka ngazi. Bega limeniuma siku mbili.

Ndiyo maana karatasi hii imechelewa siku nne. Siku ya mwaka wako sikuandika, nilikuwa na kazi. Saa kumi jioni nilifungua ukumbi. Niligeuza ndoo yako, na kwa kuwa sijui kupiga, nilipiga vibaya. Kwa muda nilikuwa peke yangu, mwanamke mzee anagonga ndoo. Kisha akaja mwanao Delvina. Akaja Dada Ruperta kwa magongo, akavuta kiti katikati ya ukumbi akasema, "Miguu yangu isubiri, mikono bado ipo." Wakaja wengine. Tulikuwa kumi na moja. Nilisali sala yako, nikaikosea katikati, wakanimalizia. Halafu tukafagia.

Mimi sijawahi kucheza na wewe hata siku moja. Nilifungua mlango na kufunga, basi. Siku ile nilicheza, miaka sabini na sita, na nimekuelewa kidogo kwa nini ulikuwa unarudi nyumbani huna hasira na mtu. Mimi nimerudi na hasira zangu zote, lakini nimerudi kwa miguu yangu.

Dada Icilda alikuja kusimama mlangoni, mkoba kifuani kama siku ile. Alimtazama Ruperta kwenye kiti, akautazama mguu wake wenye bandeji, akaondoka. Sijui alifikiri nini na sijamwuliza.

Jiko lao liko nje chini ya turubai, kuku wa jirani anatagia ndani ya karai. Kibao chenye jina lako nimekichukua. Nikiwa mtu wa subira sikukichoma, nakatia vitunguu juu yake.

Na ufunguo, mwanangu, haumo tena katika aproni yangu. Sitaki mwanamke mwingine asimame kwenye mvua akiniomba. Umetundikwa kwenye msumari hapa hapa, kulia kwa dirisha, chini ya karatasi hii. Jumanne na Alhamisi, saa kumi, atakayewahi afungue. Baraza likiutaka liuchukue mbele ya foleni ya mkate. Nimechonga mwingine.

Dada Icilda, kama umesoma mpaka hapa, msumari hauko juu. Njoo na viuno vyako.

Unakumbukwa na mama yako Ethelda. Mume wako Lennard, ambaye sasa anauza mikate mitatu kwa anayeitaka na tunagombana naye. Wanao Delvina na Orrin. Kaka yako Hubert aliyeko Corn Island. Shangazi yako Melba. Na wanawake kumi na mmoja wa ukumbini, ambao leo ni kumi na watatu.

Daima tutakukumbuka, Zelma, tukiwa tumesimama.