Kwa Gethin Posta, na Jina Alilowanyima Watu

Mwaka umetimia, Gethin, tangu asubuhi ile ya Machi ulipoketi mlangoni kuvaa viatu na usiinuke tena. Tumechoka. Hatuna neno jingine la kuanzia. Kondoo wamezaa bila wewe, mvua imenyesha bila wewe, na mimi bado napika chai ya watu wawili, kisha namwaga nusu.

Bonde zima lilikuita Gethin Posta, maana hapa kwetu kila nyumba ya pili ni akina Jones, na mtu hujulikana kwa kazi yake au kwa shamba lake. Miaka thelathini na minne ulibeba barua. Ulijua mlango upi unabishwa na upi unasukumwa tu. Ulipostaafu uliendelea kupita njia ile ile mikono mitupu, ukisema magoti yako hayajapata barua ya kustaafu.

Hukusoma shule sana. Ulijifunza majina kwa vitabu vya kuazima, na watu wakajua. Kila penye mimba walikungoja mlangoni: "Gethin, akiwa wa kiume tumwite nani?" Hukujibu upesi. Ulikunywa chai kwanza. Ukauliza jina la babu, la mto ulio karibu, la ndugu aliyetangulia. Kisha ulimtoa baba mtu nje, ukamwambia aliite jina mara tatu kuelekea mlima wa ng'ambo. Lisilofika ulilitupa.

Ulimpa mmoja Hywel, yaani anayeonekana wazi, na leo ni mrefu hadi anainama akipita mlangoni. Arwel wa shamba la juu alikujia akitaka jina la kumtisha fahali. "Mwite kwa jina la mama mkwe wako," ukamwambia. Alicheka hadi akamwaga chai. Mwanawe ni Rhys, maana yake ari. Hukupokea malipo, ila kipande cha mkate wa zabibu. Wewe mwenyewe uliitwa Gethin, yaani mweusi wa sura, na nywele zako zilikuwa nyekundu kama za mbweha. "Mama aliniita taa ikiwa imezimwa," ulizoea kusema.

Wetu hakuwa na jina. Januari ile ya theluji nyingi nilijifungua mtoto wa kiume aliyekwisha kufa. Nililazwa hospitali siku tisa. Wewe na baba yako mlimzika kwenye kona ya makaburi ya kanisa, chini ya ukuta. Siku hizo karatasi ya mtoto wa namna hiyo haikuwa na nafasi ya jina. Ulikuja ukaketi kando ya kitanda changu, ukaniambia, "Amelala pazuri." Miaka arobaini na tatu hatukuongeza neno. Sikulaumu. Nami sikuuliza.

Mwezi uliopita Elfed, fundi wa mawe, alipiga simu. Udongo wako umetulia, jiwe linaweza kusimama. Tulikulaza kando ya mtoto, kwa hiyo jiwe ni moja.

"Bi Nerys, chini ya Gethin nichonge nini?" aliniuliza. "Naanza Jumatatu. Na jiwe likishachongwa halifutiki."

Nikamwambia anipe siku chache. Jioni nikakaa jikoni na dada yako Mair, na Lowri binti ya kaka yangu.

"Aandike 'na mtoto wao', basi," Mair akasema.

"Wifi, hivyo ndivyo alivyolala miaka yote. Mtoto wao."

"Kaka yangu hakumtaja hata mara moja. Leo sisi ndio tujifanye tunajua? Ukimbunia jina utakuwa umemzika mtoto wa mtu mwingine."

Neno lake lilikuwa kali, lakini halikuwa la uongo.

Lowri alikuwa anamenya viazi. Akasema, "Shangazi, unakumbuka nilivyotaka Eurig?"

Nilikumbuka. Alikuwa na mimba ya miezi minane, akakwambia amechagua Eurig, kipande kidogo cha dhahabu. Uliweka kikombe chini.

"Hilo lina mwenyewe."

"Mwenyewe nani, mjomba? Bonde zima halina Eurig!"

"Lina mwenyewe, mwanangu. Nitakupa jingine."

Ukampa Idwal, bwana wa ukuta, naye juzi kaugonga ukuta wetu kwa trekta. Lowri alinuna wiki nzima. Mimi nilidhani umeanza kuzeeka.

"Mara moja si ushahidi," Mair akasema.

Ni kweli. Kwa hiyo nilipita njia yako, nyumba kwa nyumba, siku tatu, nikianzia chini na kupanda kama ulivyokuwa ukifanya. Nyumba thelathini na moja. Sijui uliwezaje. Kila mama aliyezaa mvulana nilimuuliza swali moja, nikaandika jibu. Hakuna hata mmoja uliyempa Eurig. Wanne waliliomba, kila mmoja na mwaka wake, na wote uliwajibu maneno yale yale.

Wa kwanza wao alikuwa Ceinwen, kule kwenye kinu. Aliliomba wiki kumi tu baada ya theluji ile.

"Alisimama hapo hapo ulipo, na begi lake," akaniambia. "Nikadhani kuna mtu kaniwahi. Nikamwambia, basi mpe hongera mama yake. Akasema, 'Asante, nitamfikishia.'"

Niliomba kuketi. Hongera hiyo imenifikia, Gethin. Imechelewa, lakini imefika.

Jumapili mchana nilimpigia Elfed nikamtajia jina. "Herufi tano," akasema. "Zitaenea."

Jiwe limesimama tangu Jumanne ya wiki hii. Mair alikwenda peke yake, akarudi na leso iliyolowa. "Mimi ni shangazi yake," akasema, "na sikuwahi kumwita." Nilimmiminia chai.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Nerys, dada yako Mair, Lowri na mumewe na Idwal wao, na wavulana wa bonde, ambao sasa ni wanaume, waliokubeba kwa zamu hadi kanisani. Eurig hatukumwandika katika orodha hii, kwa kuwa yuko huko upande wako.

Siku zote tutakutaja, na kila tukikutaja wewe, tutamtaja na yeye.