Rameni ya Mizizi kwa Naomi

Walthamstow, Jumamosi, Novemba 2006

Mvua ya leo ni ile isiyonyesha sawasawa wala isiyokatika. Nimewasha taa ya jikoni tangu mchana. Wasomaji wachache wa ukurasa huu mniwie radhi, kwa maana sina jambo jema la kuwaletea.

Binti yangu Naomi hali chakula.

Tangu dawa za saratani zilipomharibu ulimi, kila kitu kinywani mwake kina ladha ya sarafu. Daktari ametueleza, kwa upole mkubwa, kwamba Jumatatu atapimwa uzito, na akionekana amepungua tena hawataweza kuendelea na matibabu. Nilimwuliza kama kipo chakula chochote duniani anachokitamani. Akasema: rameni.

Naomba nieleze. Kabla ya ugonjwa, Naomi alifundisha Kiingereza katika mji mdogo wa milimani huko Japani, ambako mizizi ya dawa hulimwa mashambani kama sisi tulivyolima karanga. Rameni ni tambi za ngano ndani ya supu, lakini ya mji ule hutiwa mizizi na matunda makavu. Bibi mmoja mwenye mkahawa alimpa bakuli la rameni hiyo katika baridi yake ya kwanza kule, Naomi alipokuwa na homa na hana mtu. "Ile supu, baba, inakuingia mpaka mgongoni."

Mimi ni mwalimu mstaafu. Tangu mke wangu alipofariki nimejifunza kupika wali, maharage na mayai, na hapo elimu yangu ya jikoni inaishia.

Mwanzo nilikosea vibaya. Akilini mwangu mzizi ni dawa, na dawa huchemshwa hadi maji yageuke rangi. Ndivyo mama yangu alivyochemsha mwarobaini. Nikatia mizizi yote niliyoipata sokoni chunguni pamoja na mifupa ya kuku, nikaiacha ichemke kutwa nzima. Mama Furaha, jirani yetu Mkongo wa ghorofa ya juu, akateremka kugonga mlango.

"Papa Mwalimu, unapika nini? Harufu iko inafika mpaka kwangu juu!"

"Ni chakula cha Kijapani, mama. Samahani sana kwa usumbufu."

"Chakula? Hapana, papa. Hii njo dawa ya minyoo!"

Akaonja, akatema kwenye sinki, akaniomba radhi. Nami nikamwomba yeye radhi. Kutoka chumbani nikamsikia Naomi akicheka, jambo ambalo nilikuwa nimeshalisahau.

Ndipo aliponisahihisha: mifupa kwanza, kwa moto mdogo, mizizi mwisho kabisa, ikae tu kama majani ya chai kwenye birika. Mzee wa Kichina mwenye duka la mitishamba karibu na soko alinipatia kunazi nyekundu zilizokaushwa na mzizi wenye harufu ya figili, ambao alikiri si ule wa Japani bali ni ndugu yake. Kuhusu tambi, Naomi alisema unga wa kule hukandwa kwa maji ya chumvi fulani kama ya majivu, ili tambi ziwe za manjano na zivutike. Nikamwuliza kama haielekei kuwa magadi. Nikapanda treni na basi hadi Woolwich, upande wa pili wa jiji, kwa mama mmoja wa Kitanzania anayeuza vyakula vya nyumbani, nikarudi na magadi yale yale tunayolainishia maharage.

Leo zimetoka sawasawa.

Nasema bila majivuno: zilitoka. Tambi za manjano, supu yenye rangi ya asali. Naomi alipoisikia harufu alitoka kitandani mwenyewe, akaja mezani amejifunga shali ya mama yake, akashika vijiti vyake vya kulia, akasema, "Baba, ni yenyewe."

Nikainamisha kichwa kushukuru.

Wamisionari walitufundisha kwamba chakula hakiguswi kabla ya sala, na sala haifupishwi kwa sababu ya njaa. Nikashukuru kwa ajili ya ngano na kuku. Nikawaombea wasio na chakula, wagonjwa wote, madaktari. Nilipofika kumwombea Naomi sikuweza kukoma. Kila nilipokaribia amina niliogopa, kwani baada ya amina angekula au asingekula, na mimi ningelazimika kutazama. Nikaongeza maneno. Nikarudia niliyokwisha kuyasema.

Nilipofumbua macho, tambi zilikuwa zimekunywa supu yote, zimevimba na kushikana kama ugali uliolala. Naomi alikuwa amekaa vile vile, vijiti mkononi, akinisubiri kwa adabu niliyomlea nayo.

"Rameni haisubiri, baba," akasema kwa sauti ya taratibu.

Akala kidogo. Akatafuna kwa muda mrefu. Kisha akainuka haraka kwenda msalani, nami nikabaki nimesimama nje ya mlango wake na kitambaa cha mikono.

Niliposema nitapika nyingine sasa hivi, alitikisa kichwa. "Usiipike tena, tafadhali. Nataka niikumbuke ya kule, nilipokuwa mzima." Nilipomfunika blanketi akaongeza: "Na kesho kanisani usisimame kunitaja. Watu wananitazama kama nimeshazikwa."

Nikamjibu kwamba nimesikia. Sikumwahidi.

Sasa amelala. Sufuria ingali na supu safi, na sina moyo wa kuimwaga wala wa kuinywa.

Kila Jumapili mchungaji huuliza kama kuna mgonjwa wa kuombewa, na tangu Naomi augue sijawahi kukosa kusimama. Ndilo jambo pekee nililokuwa na hakika kwamba ninaweza kumfanyia. Kesho atauliza tena, na waumini watageuka kunitazama. Je, nitaweza kubaki nimekaa?