Migomba Ishirini Isiyotiwa Samadi

Nshamba, Jumamosi

Hakuna tofauti. Nimerudia hesabu mara tatu.

Migomba ishirini ya kibanja cha Taata, baba yangu, niliitia samadi, ishirini nikaiacha bila kitu, nipate kulinganisha. Dhana ya kuanzia ilisema mikungu italingana uzito, na kazi yangu ilikuwa kutafuta ushahidi wa kuikataa. Sikuupata. Tofauti iliyopo ni ndogo mno, inaweza kuwa bahati tu.

Jioni nilimweleza Taata. Akaweka kikombe cha kahawa chini.

"Kwa hiyo samadi haifanyi kazi?"

"Sijasema hivyo, Taata. Nimesema sijaona tofauti. Kutoiona hakuthibitishi kwamba haipo."

Akatazama migomba.

"Ile mingine niliitia pia," akasema. "Kidogo kidogo, ukiwa chuoni."

Nikamuuliza kwa nini.

"Iko mbele ya nyumba, mwanangu. Watu wanapita hapo kwenda kanisani. Ningewaambia nini?"

Nilitaka kupiga kelele, lakini huwezi kumpigia kelele baba yako kwa sababu ametunza migomba.

Mwaka mzima umekwenda na maji. Naogopa kuambiwa nianze upya, na sina kibanja kingine. Hata ningekuwa nacho, kingekuwa na baba wa mtu.

Jumatatu nakutana na msimamizi wangu wa utafiti. Najua atauliza lile kundi la kulinganishia lilitunzwaje.

Nitamwambia ukweli. Lilitunzwa vizuri sana.