Ng'ombe wa Babu Hawahesabiwi

Jumatatu, 5 Mei
Nimetoka shule, nimekula, nimekaa na pacha. Kama kila siku. Leo hesabu za kutoa kwa kukopa. Doto yuko kwenye mkeka, mguu wenye plasta juu ya mto. Alianguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe mwezi wa tatu, akavunjika. Kulwa hataki kwenda shule bila yeye, na Babu amesema pacha hawatenganishwi. Basi mwalimu wao ni mimi, dada yao wa kidato cha tatu. Mwalimu Mkuu wao amekubali, ila tarehe 30 atawapima. Wakishindwa, wanarudishwa Darasa la Kwanza.

Vitabu vya shule vimekwisha. Wamevikariri. Kulwa anajibu kabla sijafungua ukurasa. Nahitaji kitu kingine cha kuwaamsha.

Jumatano, 7 Mei
Shangazi Mbuke amekuja kutoka Bariadi na katoni ya vitabu. Aliwahi kufundisha chekechea mjini, kwa hiyo anajua kila kitu. Vitabu vinang'aa. Matufaha, treni, watoto wanacheza kwenye theluji. Doto aliuliza kama ile ni chumvi ya ng'ombe. Shangazi alicheka, akamgeukia Mama: "Wifi, binti yako anawafundisha ushamba hawa." Mama aliendelea kuchambua mchele.

Nimechukia kunyamaza kwa Mama kuliko maneno ya Shangazi.

Jumamosi, 10 Mei
Siku tatu za matufaha. Doto anapiga miayo. Leo alikisukuma kitabu kwa plasta. Shangazi anasema mtoto ni mzito. Mzito ni kitabu.

Jioni ng'ombe waliporudi, Doto aliwataja mmoja mmoja kutoka dirishani. Kwa rangi, kwa pembe, kwa mwendo. Hakukosea hata mmoja. Macho yake yaling'aa kama ya zamani.

Nimeikata katoni ya Shangazi. Kila ng'ombe kadi yake. Madoa, Kijivu, Pembemoja, wote. Mbele picha, nyuma namba.

Jumatatu, 12 Mei
Kadi zinafanya kazi. Ng'ombe wanakwenda kunywa maji, wangapi wamebaki? Wanarudi, jumla wangapi? Doto amejumlisha bila vidole. Kulwa kanyang'anya kadi ya Kijivu, wamegombana, wamecheka. Shangazi alipita akaguna. Nina furaha na nimeificha.

Alhamisi, 15 Mei
Babu amezikuta kadi. Aliuliza namba za nyuma ni za nini. Nilimwambia. Hakupiga kelele. Alizikusanya zote, akazitia kwenye moto wa Mama, chungu kikiwa juu.

Ng'ombe wa mtu hawahesabiwi. Mwenye nao anawatazama, anajua. Anayewahesabu anaita kifo kije kuwapunguza. Nilijua. Kila mtoto wa hapa kijijini Mwamapalala anajua. Nilidhani kadi si ng'ombe.

Doto alitazama picha ya Pembemoja ikijikunja.

Jumapili, 18 Mei
Ndama wa Madoa amekufa. Shingo yake ilivimba tangu wiki iliyopita. Ni homa ya kupe. Najua ni kupe, na hakuna atakayenisikiliza.

Nimemsalimia Babu, mwangaluka. Hakuitika. Shangazi aliitika kwa niaba yake: "Mwalimu wa makaratasi, umeridhika sasa?" Doto alikuwa pale. Amelia hadi amelala. Anadhani yeye ndiye aliyemuua ndama, kwa sababu ndiye aliyejumlisha.

Namchukia Babu. Nimeandika na sifuti.

Jumatatu, 19 Mei
Doto hataki hesabu. Hata moja jumlisha moja. Zimebaki siku kumi na moja.

Ijumaa, 23 Mei
Nimemaliza kuchagua. Si vitabu vya Shangazi, si mifugo ya Babu. Michembe. Viazi vikavu kwenye ungo, vipo ndani siku zote. Ukipata jibu, unakula. Kulwa alianza. Doto alimtazama akitafuna, akavumilia, akashindwa. Alisogea kwa makalio hadi kwenye ungo.

Shangazi anasema nawafundisha ulafi. Nikamjibu kwamba matufaha yake hayaliki. Mama amenikata jicho. Halafu akaongeza michembe.

Ijumaa, 30 Mei
Babu alimpakia Doto kwenye baiskeli, akaisukuma. Mimi na Kulwa nyuma. Njia nzima hakunisemesha. Nami sikumsemesha.

Mwalimu Mkuu ni mgeni, ametoka Pwani mwaka huu. Kulwa amefaulu. Doto amesoma vizuri. Kisha likaja swali la mwisho: una ng'ombe ishirini na tatu, saba wamekwenda mnadani, wamebaki wangapi?

Doto akafunga mdomo. Mwalimu akarudia. Doto akatazama plasta. Mimi niko mlangoni, nimekatazwa kusema neno. Mwalimu akashika kalamu. Nilimchukia yeye, na Babu, na kila ng'ombe wa Itilima nzima.

Babu alikuwa nje ya dirisha. "Mwalimu, ng'ombe hao ni wa nani?"

"Wa mfano tu, mzee."

"Hata wa mfano wana mwenyewe. Muulize michembe."

Mwalimu alinitazama. Nikatazama chini.

"Haya. Una michembe ishirini na mitatu, umekula saba."

"Imebaki kumi na sita," alisema Doto papo hapo. "Lakini saba haishibishi."

Jumapili, 1 Juni
Wanaendelea na Darasa la Pili. Plasta inatolewa wiki ijayo, na shule ikifunguliwa baada ya likizo wataenda wote wawili. Shangazi amerudi Bariadi bila kuniaga. Vitabu ameviacha. Kulwa anapenda ile treni.

Babu hajaniomba radhi. Nami sijamwomba.

Jioni Doto alisimama kwa mguu mmoja kwenye lango la zizi, ameegemea fimbo, Babu upande wa pili. Ng'ombe wakaingia, vumbi tupu. Babu akashika gogo la kufungia.

"Pembemoja bado," alisema Doto.

Babu akasubiri. Pembemoja akaja peke yake, polepole, akitafuna.

"Sasa wote."

Babu akafunga. Sikuuliza ni wangapi.