Zipu ya Gauni la Kwaya Imegoma

Ijumaa. Hapa Newburg, huku ughaibuni, mvua tangu asubuhi, na mimi moyoni ni moto mtupu.

Kesho kwaya yetu ya akina mama inakwenda mji wa Columbus kwenye mkutano wa kanisa. Leo tulijaribu sare, zipu yangu ikagoma katikati ya mgongo. Mama Yona, mwenyekiti wetu, akasema mbele ya wote, "Mama Neema, mfungo wako huwa unaufungua kwa sufuria ngapi?"

Wakacheka. Hata wale niliowapikia uji walipojifungua!

Bwana anajua nimefunga. Kila mfungo wa kanisa nimo, mkavu, bila hata maji mpaka jioni. Kilo zinashuka kidogo, mfungo ukiisha zinarudi na wenzao. Nikadhani ni imani yangu iliyotoboka.

Na yule daktari wa zamani! Kila nikienda, "Punguza kula." Namwambia kiwandani nasikia baridi wenzangu wakitoka jasho, nywele zinakatika, yeye anaandika tu. Damu hakunipima hata mara moja.

Huyu mpya amenipima wiki hii. Kumbe ni tezi ya shingo, imelegea. Homoni yake ndiyo inayouambia mwili uchome chakula. Ikipungua, mwili unapoa na uzito unakaa. Na kwa umri huu hedhi inapoaga, homoni nyingine nazo zinayumba. Tena kushinda na njaa halafu kujaza ugali jioni hakukunisaidia: mwili uliozoea kunyimwa unajifunza kubana. Hata dawa aliyonipa peke yake haitoshi, amesema. Nile maharage, mboga, samaki, kwa kiasi, kila siku, maisha yangu yote.

Miaka yote hiyo nimetubu ulafi ambao sikuwa nao.

Hapo ndipo ninapochemka.

Sasa kidonge ni cha asubuhi, tumbo likiwa tupu, kwa maji. Na kesho kwaya nzima inafunga. Mama Yona ameshatangaza kwamba atakayeonja chochote hapandi jukwaani.

Nimefumua gauni ubavuni, nikaongeza kipande cha kitenge kingine. Rangi hazifanani. Basi!

Kesho kwenye gari nitakaa karibu na Mama Yona, nifungue chupa ya maji, nimeze dawa yangu akiniangalia. Mungu aliyenipa shingo hii hatanuna.

Akininyima jukwaa, nitakaa kwenye viti vya wageni. Lakini wimbo ni mimi ninayeuanzisha. Tuone wataanza na nani.